Kaburi la Somo Yangu

Ipo siku moja haijanitoka mpaka leo, mwanangu, na kwa kuwa keshokutwa unapanda ndege kwenda kuiona hiyo Uturuki yako uliyokuwa ukiichora kwenye madaftari tangu darasa la tatu, acha kwanza hilo begi uje ukae hapa. Nguo zitakunjwa tu. Mimi ndege sijapanda, lakini nchi ya watu nimefika, peke yangu, nikiwa na umri kama wako. Nilichokikuta huko kinanisisimua mwili hadi sasa, hapa hapa Likunja, mchana kweupe, na watoto wanapiga kelele uani.

Nchi yenyewe ilikuwa Msumbiji. Usicheke! Kwako wewe Msumbiji ni hapo tu, lakini kwangu ilikuwa ndiyo Uturuki. Nilizaliwa Mtua, kule Nachingwea, nikalelewa na bibi mzaa mama. Yeye aliitwa Fatu na mimi nikapewa jina lake, kwa hiyo hatukuitana bibi na mjukuu, tuliitana somo. Bibi aliuvuka Ruvuma akiwa ameolewa juzi tu, yeye na mumewe na wenzao wakikimbia kulimishwa pamba kwa viboko na Wareno. Mtumbwi ukapinduka. Wenzake wakarudi ufukwe waliotoka, yeye maji yakamtupa upande wa huku. Akaokotwa, akaolewa tena, akamzaa mama yangu.

Lakini moyo wake haukuvuka, nakwambia. Kila tukikaa kupukuchua mahindi ni Nang'unde, kijiji chao: kisima chenye mawe meupe, njia inayokata kushoto, nyumba ya tatu, mdogo wake Zena waliyelala naye mkeka mmoja. Nikakua naiota Nang'unde kuliko Mtua niliyozaliwa. Basi miaka ya tisini vita vya kule vikaisha, watu wakaanza kuvuka. Bibi akaniita. "Somo, tangulia wewe. Mwambie Zena nipo hai. Muulize kama naweza kurudi, maana nataka nikafie kwetu." Akanivua mkufu wangu, akanivalisha shanga zake nyekundu alizotoka nazo mtoni, na kanga akanifunga mwenyewe, kwa mtindo wao wa zamani. Alisema Zena akiniona atajua nimetoka kwa nani.

Nikapanda basi hadi Masasi, kisha lori la mihogo, kisha mtumbwi wa kijana mmoja mwenye maneno mengi. Aliponishusha ng'ambo maneno yakamwisha. Akanionyesha njia, akaniambia nisiiache hata kwa kwenda kujisaidia, kwa sababu mabomu ya vita bado yamelala majanini. Nikatembea asubuhi nzima kwenye kanjia kembamba, majani yamenizidi kimo pande zote mbili. Hakuna ndege aliyelia. Nilikuwa nikiona nyumba mbele nafurahi, nikifika ni kuta tupu na mti umeota chumbani. Nikaanza kuimba ili nisikie sauti ya mtu, halafu nikanyamaza, maana niliona kama kuna anayesikiliza.

Nang'unde nilifika jua liko utosini. Na haki ya Mungu, mwanangu, kila kitu kilikuwa mahali pake. Kisima, mawe meupe, njia. Nilifurahi mpaka nikasahau adabu. Sikumwuliza mtu yeyote, nikakata kushoto nikaenda moja kwa moja nyumba ya tatu, natabasamu kama mwenyeji. Pale kisimani palikuwa na akina mama wakichota. Mmoja alikuwa ameinua ndoo, akabaki ameishika hivyo hivyo, maji yanamwagikia mgongoni.

Nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga tena kwa Kimakonde alichonifundisha bibi. Ndani nikasikia mtu anavuta pumzi, lakini hakuna aliyeitika. Mkono ukatoka mlangoni, mkono wa kizee, ukamwaga jivu kwenye kizingiti. Nikageuka, nikakuta watu wamekusanyika nyuma yangu, mbali kidogo, na hakuna aliyekuwa ananitazama usoni. Walikuwa wananitazama miguu.

Mzee mmoja mrefu akauliza, "Wewe ni nani?"

Nikamjibu kwa furaha zangu, "Mimi ni Fatu! Nimerudi nyumbani!"

Toba! Mama mmoja akapiga ukelele, watoto wakatimua mbio. Yule mzee hakukimbia. Akaninyooshea fimbo. "Simama hapo juani. Tuone kivuli chako."

Nikatazama chini. Jua lilikuwa juu ya kichwa, mwanangu. Kivuli sikukiona. Na wao hawakukiona. Ukiambiwa jambo na watu wote, kwa macho yao makavu namna ile, na wewe unaanza kulifikiri. Nilijishika mkono. Nikawaza ule mtumbwi asubuhi, nikawaza yale mabomu, nikajiuliza kama kweli nilifika salama. Walinisimamisha pale wakisubiri jua lipinde, wao kivulini, mimi juani. Niliogopa vile ambavyo sijaogopa tena maishani, hata kwenye uchungu wa kuzaa.

Jua likapinda. Kivuli kikachomoza pembeni ya nyayo zangu, chembamba, na mimi ndiye niliyeanza kulia kabla yao. Ndipo kizee akatoka nje ya mlango, akalivuka jivu lake, akanishika shavu. Alikuwa na macho ya bibi. Nilimjua ni Zena.

"Ungesema wewe ni mtoto wa nani," akanikaripia. "Mtu anaulizwa ni nani, anataja jina? Jina ni lako peke yako? Umekuja na sura yake, shanga zake, jina lake, umetembea kwenye njia yake bila kuuliza. Ulitaka tufikiri nini?"

Akanipeleka nyuma ya nyumba, yule mzee akitufuata. Palikuwa na kaburi lililofagiliwa vizuri, na juu yake sahani ya bati iliyotobolewa, kama wanavyowawekea wafu wao. Ndani, akaniambia, mmelala kanga tu, ile waliyoikuta imenasa kwenye matete siku mtumbwi ulipopinduka. Waliizika, wakanyoa nywele, na kila mwaka wanapika ubwabwa wa kumkumbuka Fatu. Mila ikataka pengo lizibwe, Zena akaolewa na mume aliyeachwa na Fatu. Mume mwenyewe alikuwa yule mzee mwenye fimbo.

Nikampa Zena salamu nilizotumwa: bibi yuko hai, yuko Nachingwea, anataka kurudi. Nilidhani watapiga vigelegele. Wapi! Mzee akageukia pembeni, akauliza kwa sauti ndogo kama bado akicheka anaziba mdomo. Nikasema ndiyo. Zena akamtazama mumewe, kisha akanitazama mimi.

"Fatu wetu yuko hapa," akasema, akiligusa kaburi. "Nimemlilia mpaka machozi yakaisha, nimezaa watoto saba kwenye kitanda chake. Huyo wa Nachingwea simjui. Msalimie."

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana iliniuma zaidi. Wakanipikia, wakanikalisha kando ya lile kaburi, nikala, kila mtu akinitazama ninavyotafuna. Nilipoondoka hakuna aliyenisindikiza hata hatua moja. Nilipogeuka, Zena alikuwa anafagia nyayo zangu.

Nilimkuta bibi uani, furushi lake limeshafungwa. Nilitaka kumdanganya, nikashindwa, nikamwambia yote. Alifumba macho mpaka nikasogea kumsikiliza kama anapumua.

"Walilia?" akauliza.

"Walilia, somo. Na kila mwaka wanalia."

Akaziba mdomo, mabega yakamcheza, sikujua ni kicheko au kilio. Kisha akalifungua furushi, akaanza kuzirudisha nguo moja moja kwenye sanduku. "Haya. Basi nitafia hapa hapa Mtua," akasema. "Lakini safari hii, kabla hamjafukia, hakikisheni nimo."

Tulihakikisha, mwanangu. Nilimwosha mimi mwenyewe.

Sasa nisikilize. Nenda Uturuki yako, usiogope. Lakini nchi uliyoiota haikukaa ikikusubiri. Iliendelea na maisha yake, ilizika na kuoa, wewe hukuwepo. Ukifika usijifanye mwenyeji. Uliza njia hata kama unadhani unaijua. Ukiulizwa wewe nani, anza na waliokuzaa. Na wasipokupokea kama ulivyoota, usibaki kugonga mlango uliomwagiwa jivu. Geuka urudi. Sisi huku hatujakulilia wala hatujakuzika.

Lete kichwa chako nikushike. Mungu akutangulie na akurudishe, mwanangu. Akupe wa kukujibu popote utakapopiga hodi, na jua la huko likuonyeshe kivuli chako.