Fainali Ndani ya Eda

Wifi yangu Ghaniya aliitia rimoti ndani ya mkoba wake, akafunga zipu, kisha akaukalia. Ilikuwa Idi Pili ya Idi kubwa, baada ya alasiri, hapa hapa nyumbani kwetu Ibra, Omani. Nilimwona kwa macho yangu, mtu mzima mwenye wajukuu, kakalia mkoba kama kuku anayeatamia.

"Utaivunja hiyo, Bi Ghaniya," nikamwambia.

"Na ivunjike. Nyumba ya eda haiwashwi TV."

Loo! Nikaanza kuchagua neno la kuanzia, maana yalikuwa mengi.

Mume wangu Marhun, kaka yake Ghaniya baba mmoja mama mmoja, alifariki baada tu ya Idi ndogo. Tangu siku hiyo mie Radhia nimo edani. Sitoki, sijipambi, sitii wanja wala uturi, na dhahabu yangu yote nimeivua. Hayo nayafanya kwa moyo mmoja, maana ni amri ya Mungu na ni haki ya Marhun. Lakini wanawake wa mtaa huu wana eda yao nyingine waliyoitunga wenyewe. Eti mjane asicheke. Eti asijitazame kwenye kioo. Eti asiutazame mwezi. Na sasa eti asitazame raga! Nionyesheni wapi imeandikwa, nitaizima mwenyewe.

Raga ninayoisema ni ile ya wachezaji kumi na tatu, si ya kumi na tano. Ukizichanganya hizo mbili, watu wa Hull watakufukuza mjini, na mie nitakufukuza sebuleni. Marhun alipelekwa Hull, Uingereza, na serikali ya Omani kusomea uhandisi, miaka ya themanini mwanzoni, nami nikamfuata huko, mwali mbichi. Baridi ile, subhanallah! Nilivaa sweta juu ya sweta, koti juu yake, buibui juu ya yote, na bado meno yananigonga. Mji wenyewe umekatwa na mto. Upande huu wana timu yao, upande ule wana yao, na watu hawasameheani. Mie niliyezaliwa Unguja, Ng'ambo, ambako mkondo wa bahari ulitutenga na mji, nilipoelezwa habari hizo nilijiona niko kwetu. Sie tulipanga nyumba upande wa mashariki, basi tukawa watu wa Rovers, nyekundu na nyeupe.

Jumapili tunakwenda uwanja wao wa zamani, ule ambao siku nyingine walikuwa wakishindanisha mbwa. Tunasimama na wazee wa bandarini, mie na bakuli langu la katlesi. Siku ya kwanza wale wazee walinitazama mara mbili mbili. Baada ya mechi chache, nikifika hawanisalimu kwanza, wanatazama bakuli. Marhun alikuwa mtu mpole, hapandishi sauti hata gari ikimgonga, lakini pale uwanjani alikuwa akimwambia refa maneno ambayo, alhamdulillahi, refa hakujua Kiswahili.

Na tukirudi nyumbani, anashika fidla. Baba yao alikuwa mpigaji taarabu Unguja kabla ya mapinduzi, akamfundisha Marhun angali mdogo. Rovers wakishinda, Marhun anapiga zile za kuchangamsha watu. Wakishindwa, anapiga zile za mtu aliyeachwa. Jirani zetu Waingereza walikuwa hawana haja ya kusoma gazeti, wanasikiliza ukutani wanajua matokeo.

Mwaka wetu wa mwisho kule, Ghaniya alikuja kukaa nasi. Huyo huyo Ghaniya wa mkoba. Alikuwa na sauti, wallahi, ukiisikia unaacha chungu kiungue. Mwaka huo, themanini na tano, Rovers wakachukua ubingwa wa ligi. Tukarudi nyumbani tumekauka makoo, Marhun akaweka kaseti mpya kwenye redio, akabonyeza kurekodi. Yeye fidla, Ghaniya anaimba, mie napiga meza badala ya dumbaki. Wimbo mmoja mrefu ambao baba yao aliutunga mwenyewe na hakuwahi kuurekodi popote. Tulipomaliza, Marhun akaitoa ile kaseti, akaapa mbele yetu.

"Haipigwi tena hii, wala wimbo wenyewe, mpaka Rovers wachukue kikombe kikubwa kingine."

Masikini, alidhani mwakani.

Miaka arubaini! Tukarudi Omani, akafanya kazi kwenye gesi kule Sur mpaka akastaafu, tukahamia hapa Ibra kwa wazee wake. Tukanunua madishi ya kila aina tuwaone Rovers, mpaka watoto wakaja kutuunganishia intaneti. Rovers wakashuka daraja, wakapanda, wakashuka. Fainali moja wakapigwa hamsini kwa bila, na Marhun akakaa anakula tende kimya mpaka sahani ikaisha. Nyingine wakafungwa kwa pointi moja tu katika dakika za nyongeza, na fidla siku hiyo hakuigusa kabisa. Kaseti imo kabatini chini ya dishdasha zake, kanzu za Kiomani. Binti yetu Alya, siku ya harusi yake, alimsihi baba yake ampigie wimbo wa babu, akalia na wanja wake usoni. Marhun akambusu kichwa, akasema, "Mwanangu, nshaapa." Na Ghaniya, tangu aolewe, hakuimba tena. Mumewe, Mungu amrehemu, hakupenda, na yeye mwenyewe baadaye akawa anasema kuimba ni mambo ya ujinga wa usichana. Kwa hiyo wimbo ule haukuwa mahali pengine popote duniani ila kwenye ile kaseti.

Hospitalini, siku zake za mwisho, Marhun alinishika mkono. "Radhia, mwaka huu Rovers watafika fainali. Kama sipo, utatazama wewe. Na kaseti unaijua ilipo." Nikamwambia, "Utatazama mwenyewe, acha maneno yako." Akacheka. Hayo ndiyo maneno ya mwisho ya maana aliyoniambia.

Basi fainali ikaangukia Idi Pili, saa kumi na mbili jioni kwa saa za kwetu. Rovers wamo. Na rimoti imo chini ya makalio ya wifi yangu.

"Bi Ghaniya, mie nimepewa wasia," nikasema.

"Wasia ni mali na kaburi. Mpira si wasia. Watu watasemaje, Radhia? Maiti hata udongo haujakauka, mjane anatazama vidume vya Kizungu vinakumbatiana kwenye matope!"

"Watu wepi?"

"Watu! Jumatano soko la wanawake halitakuwa na biashara nyingine ila sisi."

"Waniuze. Tena wasinipunguze bei."

Nikainuka. Nilikuwa nimechoka, miguu imevimba kwa kukaa, lakini nikainuka. Hivi huyu anadhani mie nimezaliwa na rimoti mkononi? Nikapapasa chini ya TV, kuna kitufe pale, nikakibonyeza, ikawaka. Alya, aliyekuja kutoka Nizwa kwa ajili ya Idi, akasogea kando yangu. Akatoa simu yake, akabofya bofya, mara uwanja wa Wembley huo, umejaa kwenye kioo cha TV.

"Na wewe Alya!" Ghaniya akang'aka. "Mwalimu mzima!"

"Samahani, shangazi. Ni baba."

Ghaniya akajigeuza, akaipa TV mgongo, akachukua tasbihi.

Wanaume wote walikuwa nje kwenye tanuri la mtaa, wanangojea kuifukua shuwa, ile nyama iliyozikwa kwenye makaa. Sebuleni tulikuwa sisi watatu tu. Nikavuta kiti mpaka karibu na kioo, nikaweka kofia ya Marhun kwenye kiti cha pili. Alya aliiona kofia ile akatazama pembeni.

Mapumziko yakagongana na magharibi. Tukasali, tukarudi. Rovers wako nyuma. Dakika zinakwenda, wako nyuma. Nikaanza kumwambia refa yale maneno ya Marhun, yote, moja baada ya moja, na Ghaniya anasema "Astaghfirullah" kwa kila moja. Lakini nikatupa jicho upande wake. Kaipa TV mgongo, naam, na usoni pake kuna kabati la vyombo lenye vioo. Bibi kumbe anatazama mechi yote kwenye kabati!

Sita kwa mbili. Zimebaki dakika mbili. Nikasema, basi, Marhun, hawa watu wako hawana haya, wamekutesa hai na wanakutesa kaburini. Nilikuwa na hasira hata nikataka kumpigia mtu simu nimtukane. Mara mpira ukapigwa kwa mguu, ukadunda vibaya mbele ya wale wengine, kijana wetu akaulalia. Trai! Pointi nne. Sita kwa sita. Na mpigaji wetu anajiandaa kuupitisha juu ya mlingoti kwa pointi mbili za ziada.

Tasbihi ikanyamaza. Alya kafumba macho. Mie nikashika ile kofia.

Ukapita.

Siwezi kukuelezeni. Kipenga kilipolia nilisikia sauti inatoka kifuani mwangu, na kabla sijaifikiria ilikuwa imeshatoka. Nilipiga vigelegele. Ndani ya nyumba ya msiba, na nguo za eda mwilini, nilipiga vigelegele ambavyo sikuvipiga hata harusini kwa binti yangu. Madirisha yalikuwa wazi. Nadhani walinisikia mpaka barabara kuu.

"Radhia!" Ghaniya kasimama, kashika kichwa. "Umetumaliza!"

Nikaenda chumbani, nikainua dishdasha za Marhun, nikaitoa kaseti. Redio ile ya Hull ningali nayo. Nikaitia, nikabonyeza. Ikazunguka. Tukasikia mkwaruzo, tukasikia Marhun anakohoa, kijana, karibu sana, Alya akaruka. Fidla ikalia mara moja. Kisha ikavuta, ikavuta, ikakoroga, na utepe ukaanza kutoka ndani ya redio kama tambi. Nikabonyeza kuzima, nimechelewa. Umekatika vipande.

Hapo ndipo nilipolia. Tangu azikwe nilikuwa nikilia kama watu wanavyolia, kilio cha kupokea wageni. Hiki kilikuwa kilio changu. Amesubiri miaka arubaini kwa kiapo chake, na mie ndiye niliyeitafunisha.

Mlango ukagongwa, tena kwa pupa. Tukajua ni nani. Jirani yetu Badria, na nyuma yake sauti za wanawake wengine.

"Kuna nini humo? Tumesikia vigelegele! Kuna aliyezaa?"

Ghaniya akatengeneza mtandio wake. Akachukua mkoba, akaenda mlangoni, na mie nikajua anachokwenda kusema. Atasema, msameheni, wifi yangu masikini msiba umempanda kichwani. Nikafuta uso nikajiandaa kumkanusha mbele yao.

Akafungua mlango wazi, si nusu.

"Hakuna aliyezaa," akasema. "Timu ya kaka yangu imechukua kikombe. Miaka arubaini alikuwa akingojea. Mnaingia au mnasimama?"

Badria kinywa wazi. Wakaingia, watasemaje tena, wakakaa kwenye zulia, wanatazama TV, wananitazama mie, wanatazama utepe ulioenea mezani. Ghaniya akafungua zipu ya mkoba, akatoa rimoti, akapunguza kelele za uwanja. Akakaa kwenye kiti kilichokuwa na kofia, kofia akaipakata.

"Piga meza," akaniambia.

"Nini?"

"Piga meza, Radhia. Au umesahau?"

Nikapiga. Mkono haukuwa umesahau kazi yake. Akaanza kuimba. Sauti imezeeka, juu haifiki, akawa anaushika wimbo kwa chini, na beti zote anazo, hata mmoja hakuuacha. Badria akasahau kufunga mdomo. Alya alikuwa anarekodi kwa simu na machozi yanamdondokea kwenye kioo.

Baada ya ubeti wa pili pana mahali pa fidla peke yake, mpigaji anazunguka nayo mpaka amalize. Ghaniya alipofika hapo akanyamaza. Hakuparuka. Alikaa kimya muda wote wa fidla, anatikisa kichwa kidogo, na mie napiga meza polepole, na hakuna hata mwanamke mmoja aliyethubutu kukohoa. Marhun alipomaliza, Ghaniya akaendelea na ubeti wa tatu.