Faili Lililofungwa, Kabati Lililoachwa Wazi

Miaka ya themanini ikielekea ukingoni, nilikuwa karani katika kiwanda cha sabuni kule Industrial Area, eneo la viwanda, nikienda kwa miguu kutoka mtaa wa Jericho. Kiwanda kilikuwa na kompyuta moja ya Yuniksi, mfumo wa kutumiwa na watu wengi kwa pamoja, iliyohudumia skrini sita. Aliyeitunza alikuwa jirani yetu mtaani, baba mmoja kutoka Machakos aliyevaa tai na akala za matairi kutoka soko la Kariokor kwa pamoja bila aibu.

Kila asubuhi mashine ilitusalimu kwa maneno aliyoyaandika yeye: MAFAILI YA MTAMBO YAMEFUNGWA. USIJARIBU.

Hilo "usijaribu" ndilo lililoniwasha.

"Mzee, hata hiyo salamu haibadiliki?" nilimuuliza.

"Mnaweza kuisoma tu. Kuiandika ni mimi peke yangu. Wewe piga barua zako."

Nikajaribu kuibadilisha, mashine ikakataa. Basi nikawa nakula chakula cha mchana na kitabu cha mwongozo mapajani. Siku ya tatu nikaelewa. Kweli alikuwa amefunga faili, lakini saraka, yaani kabati linalotunza majina ya mafaili, aliiacha wazi kwa kila mtu. Sikugusa kilichoandikwa ndani ya faili lake. Nililibandika jina lingine, nikaweka faili langu mahali pake kwa jina lile la zamani.

Kesho yake skrini zote sita zikasema: MAFAILI YA MTAMBO YAMEFUNGWA. MLINZI ANAOMBA MANDAZI.

Kufikia saa nne watu walikuwa wamemletea kumi na moja. Alikuja mezani kwangu, andazi moja mkononi, limeumwa.

"Ni wewe."

"Ni mimi, Mzee."

Nilipomwonyesha nilivyofanya, alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akageukia skrini ghafla.

"Na kabati la faili la nywila, yale maneno yetu ya siri ya kuingilia?"

Tukaangalia. Nalo lilikuwa wazi. Mtu yeyote angeweza kuweka faili lake la nywila pale na kuwa bwana wa mashine nzima. Mzee akaketi. Kicheko changu nacho kikaniisha. Nilimsomea majina ya saraka moja moja, naye akazifunga, hadi king'ora cha mchana kikalia.

Kwa meneja alisema ukweli wote, hata mandazi. Nilidhani nafukuzwa. Badala yake nikapewa kazi ya kila Ijumaa: kujaribu kuvunja alichofunga Mzee.

Ijumaa ya kwanza nilishindwa kabisa. Mzee alinipigia saluti mlangoni, nami nikanuna njia nzima hadi nyumbani.