Dakika Mbili za Mzee wa Nyangumi

Niliiweka nyama ya nyangumi sokoni. Haikuwa yangu, na haikuwa ya kuuzwa. Nilipiga picha vipande viwili kwenye sahani ya mama, nikaposti kwenye ukurasa wa kuuziana vitu hapa Irving, katikati ya makochi na matairi ya watu: "Nyangumi halisi kutoka Aktiki, dola ishirini kipande. Wenye presha piteni mbali." Nikajifungia chooni, nikacheka kama mwehu.

Nyama yenyewe tulipewa na jirani wa chini, fundi wa ndege pale uwanjani, mtu wa pwani ya kaskazini kabisa ya Alaska. Mwanawe nasoma naye. Kwao nyangumi akipatikana, kila mtu ana fungu lake, hata aliyehamia kwenye joto hili la Texas. Fungu la jirani huja kwa ndege, limegandishwa ndani ya boksi, kutoka kwa mjomba wake ambaye ni nahodha wa mashua ya kuwindia. Boksi lilipofika akakata, akatuletea kwenye bakuli la plastiki: ngozi nyeusi, chini yake mafuta yenye rangi ya waridi. Mama akala kwa chumvi na pilipili.

"Kama mkia wa kondoo aliyeoga baharini," akasema, akaongeza kipande.

Sasa niseme kwa nini nilidhani ni utani. Tulipomzika babu kule nyumbani, watani wetu waliiba kiatu cha marehemu wakakinadi mbele ya jeneza, na wafiwa wakacheka huku wanalia. Nikajiambia, huyu mtoto wa jirani ananiita twiga, mimi namwita friji, basi tayari ni watani, na mtani ana ruhusa ya kunadi. Tatizo ni kwamba yeye hakuwahi kuambiwa.

Jumatatu alinikuta shuleni kwenye makabati. Hakuniita twiga.

"Umeifuta?"

"Kitambo. Kaka, ulikuwa mzaha tu."

"Watu wameshaihifadhi. Imefika kwa wale wanaotaka tusiwinde kabisa."

Akanieleza taratibu, kwa sauti ya mtu anayelieleza jambo hilo tangu chekechea. Wanaruhusiwa kuwinda kwa sababu ni chakula, tena cha kugawana, si biashara. Wanapewa idadi na hawaivuki. Hata hivyo, kila mara lazima mzee fulani apande ndege kwenda kuwaeleza upya watu wa suti wanaopanga idadi hiyo. Safari hii mzee ni yule nahodha, na kikao ni Alhamisi. Picha yenye bei ndiyo zawadi ambayo wapinzani wao walikuwa wakiisubiri.

 

Kesho yake asubuhi mama alirudi kutoka zamu ya nyumba ya wazee, miguu imevimba, nikamwambia. Hakufoka. Alivaa tena viatu, akanishusha ngazi. Jirani akampigia mjomba wake, akaweka spika. Nikasema ni mimi.  Kwenye spika nikasikia mtu anakohoa, na mbwa akibweka.

"Uliila?" mzee akauliza.

"Ndiyo."

"Ilikuwa tamu?"

"Mama aliipenda. Mimi ilinishinda kutafuna."

"Utazoea," akasema, kama vile nilikuwa kazi nyingine iliyoongezwa kwenye kazi zake. "Basi niandikie ukweli. Weka na jina lako."

Nikaandika barua, nikamtumia. Nikauposti ukweli huo na pale pale kwenye ukurasa wa makochi. Tangazo la uongo lilikuwa limetukanwa na mji mzima. La ukweli lilipata mtu mmoja, akauliza kama mzigo bado upo.

Ijumaa mwenzangu wa chini alinisubiri ngazini. Uamuzi bado, alisema. Mjomba alipewa dakika tatu. Alikuwa amejiandaa kueleza barafu ya siku hizi, inavyopasuka mapema chini ya miguu ya wawindaji. Wakamwonyesha picha ya sahani yetu. Dakika mbili akazitumia kueleza habari zangu mimi, na kusoma barua yangu. Mwenzangu hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu, na ana miaka kumi na sita kama mimi.

Nikapanda kumwambia mama, aliyekuwa ameloweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Akafumba macho.

"Sasa habari ya barafu ataisema lini? Haya, osha bakuli la watu, utie vitumbua. Halirudi tupu."