Vitone Viwili Vilivyogoma Kuhama

Wiki iliyopita, kwenye ukumbi mdogo wa mikutano huko Kiyovu, nilikuwa nawania nafasi ya miaka miwili katika maabara ya nje ya nchi. Nafundisha fizikia, na ninajulikana kwa kueleza polepole hadi aliyekaa nyuma kabisa aelewe.

Niliwaeleza wasaili hivi: tunapanga atomi za chuma mstari mmoja juu ya bamba la madini ya risasi lililopozwa hadi linapitisha umeme bila kuupoteza. Hapo hali ya ajabu inaweza kujitokeza kwenye ncha mbili za mnyororo, si katikati. Katika hesabu zangu za kompyuta, nilizowaonyesha kwenye skrini, kila ncha ilikuwa na kitone kinachong'aa.

"Na ukiukata mnyororo?" aliuliza mwenyekiti, ambaye ni mwanasheria.

Nilimpongeza. "Swali zuri sana, madamu. Vitone vitahamia kwenye ncha mpya. Visipohama, msiniamini tena."

Nikaondoa atomi kumi kila upande. Mnyororo ukafupika. Vitone vikabaki palepale, vikielea juu ya risasi tupu.

"Ehe, Mwalimu," akasema, "naona vimegoma."

Nikaanza kueleza, kwa subira yangu ile ile, sababu tatu za kisayansi. Nilikuwa kwenye ya pili pale Umutoni, mwanafunzi wangu aliyenisaidia na kompyuta, aliponong'ona karibu mno na kipaza sauti:

"Mwalimu, vitone hivyo si ndizo zile alama ulizotuchorea mwenyewe juu ya picha hii darasani, ili tujue pa kutazama?"