Rauta ya Mkono wa Kushoto

Duka la kwanza waliniletea kisanduku cha intaneti.

Kosa lilikuwa langu. Niliingia nikasema, "Nataka rauta," na muuzaji akanitolea kitu cheusi chenye antena nne, akaniapia kwamba hata majirani zangu kule Kiogoro watashika mtandao. Nikamuuliza kama kinakata mbao. Alinitazama kama mtu anayetafuta namna ya kunitoa nje kwa heshima. Nilicheka peke yangu hadi barabarani, na watu wa Kisii wakanipisha njia.

Rauta niliyoitaka ni ile ya maseremala: mota ya kushika mkononi, chini yake kisu kidogo kinachozunguka kwa kasi ya ajabu, ukipitisha kwenye ukingo wa mbao unaviringika vizuri kama mdomo wa kikombe. Mimi ni karani wa masjala. Wiki nzima napanga mafaili ya watu, na Jumapili najifungia katika zizi letu lililobaki bila ng'ombe, natengeneza sinia na vigoda. Mume wangu huviita vitu hivyo "mifugo yako."

Lakini kulikuwa na jambo lililonikaa rohoni tangu nina miaka tisa. Mimi natumia mkono wa kushoto. Tata, ndivyo tunavyomwita baba kwetu Kisii, alikuwa seremala Marani, na siku niliyoshika randa yake aliichukua mikononi mwangu. "Mkono huo utaniharibia mbao," alisema. Hakunichapa wala hakupandisha sauti, na nadhani ndiyo maana nilimwamini. Kaka zangu wawili wakafundishwa kazi, na leo hakuna hata mmoja anayeweza kupigilia msumari bila kujiumiza. Mimi nilibaki mlangoni nikitazama. Sasa nimepita hamsini, na nilikuwa nataka jibu moja tu Tata angali anaona: mkono huu unaweza au hauwezi?

Duka la pili lilikuwa la vifaa vya ujenzi. Muuzaji, mtu mzima mwenye penseli sikioni, aliniwekea mezani rauta kubwa yenye vishikio viwili.

"Hii ni ya nguvu, madam. Mzee atafurahia sana."

"Mume wangu hajui hata msumeno. Ni yangu."

Akaisukuma mbele kwa adabu mpya. Nilipoishika niligundua swichi iko kwenye kishikio cha kulia, chini ya kidole gumba changu cha kulia, kisicho na akili hata kidogo. Niliigeuza, nikaizungusha, nikajizungusha na mimi mwenyewe. Akaniletea ya pili: swichi ilikuwa hukohuko, na mashine yenyewe nzito kama mtoto aliyelala. Ndipo nikaona kwenye rafu kimashine kimoja chembamba, cha kuenea kwenye kiganja, swichi yake juu kabisa ambapo kidole chochote kinafika.

"Hiyo ni trima," akasema. "Ni rauta ndogo ya mkono moja." Kisha akanitazama vizuri. "Lakini umeshika na mkono ya kushoto."

"Ndio mkono niliokuja nao."

Alichomeka waya ukutani. Nikawasha. Jamani! Kile kitu kililia, kikatetemeka hadi begani, nami nikapiga ukelele dukani kama msichana wa shule aliyeitwa jina kwenye zawadi. Nilinunua palepale, pamoja na kisu cha kuviringisha kingo na miwani ya kazi.

Katika furaha hiyo nilisahau kwamba ilikuwa Ijumaa.

Sisi ni Wasabato. Nilifika nyumbani nikikimbia, boksi kifuani, jua likigusa kilima, na mume wangu amesimama langoni akitabasamu kwa uovu. "Usithubutu," akasema. Nikamsihi dakika tano tu. Akanionyesha jua. Halikuwepo. Kuanzia hapo hadi jua la Jumamosi lizame, hakuna kazi, na mashine ni kazi.

Tata alikuwa ameshafika, maana huja kwetu kila mwisho wa wiki tangu mama afariki. Alilitazama boksi, akanitazama, akaendelea na chai yake.

Sijawahi kuishi siku ndefu kama ile. Kanisani sikusikia hubiri, nilikuwa napima kwa macho ukingo wa mimbari. Mungu anisamehe, kijitabu cha maelezo ya mashine nilikuwa nimekificha ndani ya Biblia. Kilikuwa na michoro mitupu, na mshale mmoja wa kuzunguka ambao nilidhani ni urembo. Mchana, baada ya chakula, nilimkuta Tata sebuleni amefunua boksi, kijitabu mkononi.

"Naangalia tu," akasema. "Sijawasha."

Jioni ilipofika, mume wangu alifunga Sabato kwa sala ndefu ya makusudi. Aliombea wagonjwa, wasafiri, na majani chai ya watu wa Ikonge, ambako hatuna hata shamba. Aliposema amina nilikuwa tayari mlangoni na miwani usoni.

Zizini niliibana mbao ya saiprasi mezani. Tata aliketi kwenye kigoda changu kimoja, fimbo kati ya magoti. Niliwasha, nikauweka mkono wa kushoto juu ya mashine, nikaanza kulia mwa mbao kuelekea kushoto.

Iliruka. Ilinivuta kama mbwa aliyeona paka, ikakimbia ukingoni na kung'oa kipande kikubwa cha mbao. Nikazima. Kicheko chote cha siku mbili kiliniishia. Nilisimama pale na miaka yangu hamsini na kitu, na nilikuwa na miaka tisa. Nilisubiri aseme.

Tata aliinuka polepole, akaokota kile kipande, akakitazama.

"Umejifunza wapi kwenda hivyo?"

"Kwako, Tata. Nilikuwa nakuangalia mlangoni."

Akachora duara hewani kwa kidole, kwa mwendo wa mshale wa saa. "Kisu kinazunguka hivi, kama ule mshale wa kijitabu. Ukianzia kulia, kinajivuta kwenye mbao na kukukimbia. Mimi nilisukuma randa kutoka kulia kwa sababu mimi ni wa mkono wa kulia. Acha kunifuata. Anzia upande wa mkono wako."

Nikasogea kushoto. Nikawasha. Safari hii mashine ilishindana nami kidogo, kisha ikatulia, na mkono wangu ukaenda tu, wenyewe, kama umekuwa ukiijua njia hiyo miaka yote. Unga wa mbao ulinirukia puani na kinywani. Nilikuwa napiga kelele, nadhani nilikuwa naimba. Nilipofika mwisho nikazima, ukingo ulikuwa mviringo, laini, hauna jeraha hata moja.

Tata alipitisha kidole gumba juu yake, kikaenda, kikarudi, kikaenda tena.

"Ningelikufundisha siku ile," akasema.

"Bado zimebaki kingo tatu," nikamwambia.