Aliyeijibu Haka

Mwaka wa tano wa kukaa kwake Matrah, bandarini Omani, Harub bin Nassor aliahidiwa kitu kimoja tu, na kwa hicho kimoja akawa anahesabu siku kama mwari anayengoja harusi. Aflah, mtoto wa ami yake, alimwambia, "Iddi Kubwa hii njoo kwetu Sib. Utasimama nasi kwenye razha."

Asiyeijua razha ataona ni jambo dogo. Wanaume husimama safu mbili zinazotazamana, bega kwa bega, panga mkononi, ngoma zikipigwa kati. Safu hii hutupa beti, na ile lazima ijibu. Kunyamaza ni aibu. Tena mmoja mmoja hutoka mbele, akaurusha upanga juu, ukazunguka hewani kama pangaboi, akaudaka kwa mpini. Lakini la maana si upanga, ni bega. Aliyepewa bega na jirani yake huyo ni wao. Aliyesimama pembeni akitazama ni mgeni, hata awe anaijua nasaba yake mpaka babu wa saba.

Na Harub alikuwa anaijua, mpaka wa tisa. Haikumsaidia kitu. Unguja alikozaliwa walimwita Mmanga. Alipoteremka Maskati mwaka sitini na nne na sanduku moja la bati, wakamwita Mzinjibari. Mkewe Aliya na watoto watatu walibaki Unguja, waje baadaye. Hiyo baadaye mwaka sitini na tisa ilikuwa bado haijafika. Jamaa zake walimpokea kwa kahawa na tende, wakamsikiliza Kiarabu chake, wakatazamana. Kila alipowasalimu walimpa ncha za vidole, kama mtu anayejaribu pasi kama imeshika moto. Wao kwa wao waligusana pua.

Basi alipanga chumba, akapata kazi kwenye kambi ya kampuni ya mafuta. Kiingereza cha skuli ndicho kilichompa ukarani wa stoo. Asubuhi hutoa misumari na kamba, jioni hufunga kufuli, akarudi chumbani kwake. Aflah alikuwa nyapara wa vibarua pale pale kambini. Ilimchukua miaka mitano mizima kumtolea ndugu yake neno hilo la Iddi.

"Kanzu hiyo umeifua mara ngapi wiki hii?" Sleyum alimwuliza. Sleyum alikuwa mpishi wa kambi, mtu wa Unguja naye, mdomo wake hauna breki. "Iddi bado wiki tatu, sheikh wangu. Utaivaa imebaki uzi mtupu."

"Wewe nenda kaangalie wali wako."

"Wali wangu hauunguzi mtu. Wewe unaungua na razha. Hao wakikupa safu, mimi nitavaa buibui."

Harub alicheka, kisha akarudia kuikunja ile kanzu mikunjo yake ile ile.

Mwezi huo ndipo alipofika Hemi. Alitoka Nyuzilandi, dereva wa winchi, pande la mtu, rangi yake ya kahawia. Vibarua walimdhani Mbalushi, wakamsemesha Kibalushi siku mbili nzima kabla hawajakata tamaa. Alikuwa Mmaori, watu wa asili wa nchi ile, waliokuwepo kabla Mngereza hajafika na bendera yake. Kambini alihesabiwa na wazungu kwa mshahara, si kwa kingine. Jioni wenzake walipokwenda kwenye vinywaji vyao, yeye alikuja kukaa juu ya kreti mlangoni mwa stoo, akavuta sigara. Harub alimpa kahawa. Walikuwa wanaweza kukaa saa nzima, kila mmoja anatazama upande wa kwao, na pande zenyewe hazikuwa moja.

Siku moja Harub alimweleza razha. Hemi akaitoa sigara mdomoni.

"Sisi tunayo haka," alisema. "Safu vilevile. Unapiga mapaja, unapiga kifua, miguu inaitikisa ardhi, macho unayatoa, ulimi unautoa."

"Mnaifanya vitani?"

"Zamani. Siku hizi mazikoni, tukimlilia mtu. Na wageni wakija, ili wajue wamefika kwa watu. Mkisimamishiwa haka, nanyi mnatakiwa mjibu kwa yenu. Halafu timu ya taifa ya raga huifanya uwanjani kabla ya mpira."

"Kwenye mpira?"

"Kwenye mpira. Na wengi wao hawajafundishwa. Wanapunga mikono kama wanafukuza nzi, watu wanapiga makofi, basi." Akaikanyaga sigara. "Haka si ya mtu mmoja, Harub. Mtu mmoja ni kichaa tu anayepiga kelele."

Wiki moja kabla ya Iddi, siku ya Ijumaa alasiri, wazungu wa kambi walicheza raga na maofisa wa jeshi. Uwanja ulikuwa mchanga uliookotwa mawe, na pembeni vibendera vinne juu ya fimbo za mwanzi. Vibarua walikuja kutazama, Aflah mbele yao, jambia kiunoni. Harub na Sleyum walisimama karibu na pembe moja.

Kapteni wa timu ya kambi akamwita Hemi. Wanataka haka. Hemi akakataa. Wakamwita tena, wakimpigia makofi kama wanavyoitwa watoto waimbe mbele ya wageni. Akakataa. Alipofika pembeni kuchukua maji, Harub akamwambia, "Usiende."

"Nisipokwenda, watasema naionea haya asili yangu. Nikienda, watacheka." Hemi akajifuta mdomo. "Basi wacheke."

Akaenda katikati peke yake. Akainama magoti, akapiga paja mara moja, na sauti iliyotoka haikuwa ya yule mtu wa kreti. Mchanga uliruka miguuni mwake. Mishipa ya shingo ilisimama. Aliita, akajipiga kifua mpaka kikawa chekundu, na pale ambapo safu nzima ingeitikia nyuma yake, aliacha nafasi, pakapita upepo tu. Kisha akaendelea. Kitu hicho vibarua waliweza kukijua bila kuambiwa. Alipomaliza alibaki vile vile, mikono mbele, macho yametoka, anangoja.

Upande wa pili mmoja akacheka. Mwingine akatoa ulimi na kukodoa macho, wenzake wakashika mbavu. "Tena! Tena!"

Hemi hakusogea. Kusogea ndiko kumaliza, na bado hajajibiwa.

Hapa ndipo Harub alipokosea, kama lile ni kosa. Safu imetupa beti, na safu ya pili imekaa kimya. Toka utotoni alifundishwa na babake kwamba hilo haliachwi likapita. Mkono wake uliung'oa mwanzi wa kibendera kabla kichwa hakijaamua.

"Harub! Una wazimu?" Sleyum alimshika kanzu. Ikamponyoka.

Akaingia uwanjani, akasimama pale walipostahiki kusimama wale wa upande wa pili, akaitupa beti kwa Kiarabu chake cha Unguja, sauti juu, mguu unakwenda na mkono unakwenda. Akaurusha mwanzi. Ulipanda, kile kitambaa chekundu kikazunguka nao, ukashuka, akaudaka. Akarusha tena, juu zaidi, akaudaka.

Wazungu walipiga makofi sana. Walidhani wamepata viwili kwa bei ya kimoja.

Hemi alimjia polepole, anahema, jasho linamtiririka. Akamshika bega, akamwinamia, paji kwa paji, pua kwa pua, akatulia hapo pumzi mbili. Miaka mitano Harub alikuwa hajasalimiwa hivyo na mtu. Ilibidi atazame chini.

Mpira ulipoanza, Aflah alimwita nyuma ya tangi la maji.

"Razha yetu umeipeleka kwenye mchezo wa Manasara," alisema. "Kwa fimbo ya kibendera. Mbele ya vibarua wangu."

"Yule mtu aliita, hakuna aliyemjibu."

"Alikuwa anakuita wewe?"

Harub alijipangusa mchanga kwenye kanzu.

"Wanasema vibarua, Mzinjibari kawachezea wazungu ngoma. Mimi niwaambie nini?"

"Waambie sikuudondosha."

Aflah karibu acheke, akajizuia. "Neno langu sirudishi," alisema mwisho. "Iddi utakuja. Lakini utasimama mkiani."

Jumatatu Hemi alipelekwa jangwani kwenye visima, safari ya miezi. Kreti ilibaki mlangoni, Harub akaipangia makopo ya rangi.

Asubuhi ya Iddi alifika Sib na kanzu yake, akasali, akapewa upanga wa kuazima. Walipojipanga akaenda mkiani kama alivyoambiwa. Aliyekuwa ubavuni mwake katika safu ni kijana wa ukoo, masharubu ndiyo kwanza yanaota. Akamtazama Harub, akasogea. Hakusogea sana. Aliacha nafasi ya mtu mmoja.

Ngoma zikaanza. Safu nzima ilikuwa bega na bega, kanzu zimegusana kama ukuta uliopakwa chokaa, isipokuwa pale. Harub akapiga hatua moja ya pembeni kuiziba nafasi. Kijana naye akapiga hatua moja, akamsukuma jirani yake. Harub akasogea tena. Kijana naye. Na kwa kuwa wengine walikuwa wameshikamana, safu yote ikaanza kwenda kando kidogo kidogo kama kaa, beti inaendelea, mpaka mpiga ngoma akajikuta hayuko tena katikati.

"Safu ikae!" Aflah alipiga ukelele kutoka mbele. "Nani anasukuma huko?"

Hakuna aliyemtaja. Lakini vichwa vyote viligeuka mkiani.

Harub akatulia. Safu ya pili ikatupa beti, ikafika zamu ya kujibu, naye akajibu kwa sauti yake yote, maneno yote bila kukosa moja. Upande wake wa kushoto palikuwa na uwanja mtupu, na wa kulia nafasi ya mtu mmoja. Ngoma zilipigwa mpaka jua likawa juu, na muda wote huo hakusogea tena.