Nilizungusha simu hadi msituni, sasa Mama Eliza anaitwa mwongo

Admin, ficha jina langu na usitaje kijiji. Watu wa huku wanausoma ukurasa huu, hata karani wetu wa kazini anausoma.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na nane. Kwetu ni Newala, mke na watoto wako huko. Shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo nikiandika vibaya mnivumilie. Huu ni mwaka wa sita niko Kigoma. Nimepanga chumba Katubuka na nabeba magunia kwenye ghala la mnunuzi wa kahawa.

Mwaka jana bosi alituita akasema nchi za Ulaya zimetunga sheria mpya. Kahawa haitapokelewa kule mpaka ijulikane imetoka shamba gani, na shamba hilo lisiwe limekatwa msitu miaka ya karibuni. Wana picha zilizopigwa kutoka angani, wanalinganisha. Kwa hiyo kila shamba lipimwe. Mtu anashika simu, anatembea mpakani mwa shamba mpaka arudi alipoanzia, simu inachora ramani.

Walihitaji watu wenye miguu. Karani akanichagua mimi. Akanitania, "Mmakonde, miguu unayo, kichwa tutakuazima." Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Akatuambia neno moja tu la kushika: zungusheni kwenye kahawa, pasipo na kahawa msikanyage.

Nilipanda milimani wiki tatu. Siku niliyofika kwa Mama Eliza (si jina lake) nilikuwa nimepima mashamba mawili tangu alfajiri na sijala. Ni mjane, mtu mzima. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaniambia kwao asubuhi wanasema mwakeye, nijifunze. Akanipa ugali wa muhogo na dagaa. Tangu nitoke kwetu hakuna aliyewahi kusimama karibu yangu kuhakikisha nimeshiba.

Shamba lake la kahawa ni la zamani, mibuni aliipanda na marehemu mumewe. Tulipomaliza kulizunguka akanishika mkono. "Mwanangu, bado kule juu."

Kule juu palikuwa msitu alioachiwa na mumewe. Juzijuzi alimwazima shemeji yake alime maharage, shemeji akakata miti yote akachoma moto. Visiki vilikuwa bado vyeusi. Nikamwambia, "Mama, kule hakuna kahawa."

Akasema, "Najua. Lakini huku kwetu wakija watu wa kupima, ambacho hakikupimwa kesho kina mwenyewe mwingine. Zungusha na kule. Wasije wakasema si kwangu."

Nilikuwa nalijua agizo la karani. Sitawadanganya kwamba nilisahau. Nilikuwa nimechoka, nimeshiba chakula chake, na yeye alikuwa ameshatangulia kupandisha akiniita nimfuate. Nikamfuata. Nikazungusha simu mpaka kwenye visiki, shamba la kahawa na la maharage likawa kitu kimoja.

Msimu huu picha za angani zikaonyesha ndani ya mpaka wa shamba lake msitu uliokatwa. Kahawa yake ilikuwa imechanganywa na ya wenzake, na wote mzigo wao umezuiwa. Karani aliniita mezani. "Wewe ulizungusha kahawa tu, si ndiyo?"

Nikasema ndiyo.

Akasema, "Basi bibi huyo amekata msitu akapanda kahawa, akatuficha." Akaandika. Mimi nikarudi kubeba magunia. Niliyabeba mpaka jioni na sikusikia kitu chochote, si huzuni, si woga. Mpaka leo niko hivyo. Nakula, nalala, naamka.

Wiki iliyopita nilitumwa kijijini kupeleka magunia matupu. Nilimkuta Mama Eliza amekaa kando ya kichanja cha kuanikia, na kahawa aliyobakiwa nayo, anachambua punje moja moja. Maisha yake yote kahawa ikikataliwa ni kwa sababu ya uchafu, kwa hiyo ndivyo alivyoelewa. Vidole vilikuwa vimechubuka. Akaniambia, "Hii nimeirudia mara tatu. Hawa wazungu wana macho, mwanangu, lakini safari hii hawaoni punje mbovu." Nilikaa nikamsaidia kuchambua. Sikumwambia.

Jumamosi hii chama chao cha msingi cha wakulima kinakutana kumtoa uanachama. Akitolewa hana pa kuuzia, maana mnunuzi mwingine huko juu hakuna. Karani amesema shamba linaweza kupimwa upya, lile la kahawa peke yake, na likapita. Lakini lazima aliyepima aandike kwa mkono wake kwamba alikosea, na bosi ameshatangaza kuwa atakayeandika hivyo hatakanyaga tena ghalani. Kwetu Newala wanakula kwa mgongo huu. Huku sina ndugu, na kazi nyingine sijaiona.

Nilipoaga, Mama Eliza alinisindikiza mpaka njia panda. Akasema, "Jumamosi wamesema wewe utakuwepo kwa sababu ndiye uliyepima. Sijui kusema mbele za watu. Wewe ulitembea na mimi, uliona kahawa yangu. Utanisemea?"

Nikasema ndiyo.

Akanipa mkungu mdogo wa ndizi niende nao mjini. Uko hapa chumbani, umeanza kuiva, sijaukata.

Wana ukurasa, nyinyi hamnijui na mimi siwajui, ndiyo maana nimeandika huku. Karani nilimwambia ndiyo, na Mama Eliza nilimwambia ndiyo. Jumamosi lazima nivunje neno moja. Niambieni, nivunje lipi?